Masasi ndani ya mchezo wa video: namna ya kubadilisha sauti na muziki

Katika makartie mengi ya Beni na Butembo, mchezo wa video hauchezwi kimyakimya. Kwenye nyumba za michezo, zile vijana wanaita "salle", televisheni iko karibu na mlango, bafle inaelekezwa njiani ili wapita njia wajue kama kazi imeanza, na mara nyingi ukuta ni wa mbao tu. Vijana wakicheza mpira, jirani anasikia mashabiki na firimbi. Wakicheza mchezo wa vita, jirani anasikia masasi, mabomu na watu wanaolia. Yeye haoni televisheni. Anasikia tu.

Wengi wanafikiri kwamba hakuna cha kufanya: mchezo ulitoka kwa watengenezaji na sauti zake, basi ni kuuchukua vile uko ao kuuacha. Sivyo. Muziki na milio ya mchezo ni mafaili, sawa na nyimbo zilizo ndani ya telefone. Katika michezo mingi mafaili hayo yanaweza kutolewa, kubadilishwa na kurudishwa mahali pake. Makala hii inaeleza namna kazi hiyo inafanyika, michezo gani inairuhusu, na kwa nini kwa wakaaji wa eneo hili ina maana kuliko mahali pengine.

Sikio njo linatoa onyo la kwanza

Tangu Oktoba 2014, mji wa Beni na vijiji vya teritware ya Beni vimepitia mauaji makubwa, mengi yao yakiwekwa kwenye hesabu ya waasi wa ADF. Mwezi wa Mei 2021, Kivu Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, ule unaoitwa "état de siège". Familia nyingi zilitoroka mashamba yao zikaja kukaa mjini, kwa ndugu ao mu nyumba za kupanga.

Katika maisha ya namna hiyo watu wamejifunza kusikiliza. Masasi yakilia usiku, mzazi anajiuliza maswali haraka: yanalia upande gani? Ni karibu ao ni mbali? Yanakaribia ao yanaenda? Kufuatana na jibu, anaamsha watoto, analala chini pamoja nao, ao anatoka. Mlio wa uongo unaharibu hesabu hiyo kwa njia mbili. Unaweza kukimbiza watu bure, na habari ikazunguka mu WhatsApp mbele ya mtu yeyote kwenda kuhakikisha. Tena, watu wakizoea kusema "ni watoto wanacheza tu", siku ya kweli wanaweza kuchelewa.

Kuna pia wale ambao mwili wao haujasahau. Waganga wa magonjwa ya akili wanajua vizuri jambo hili: mtu aliyepita katika hofu kubwa anaweza kushtuka kwa nguvu akisikia mlio wa ghafla unaofanana na ule wa siku ile. Moyo unapiga mbio, usingizi unakatika, hata kama kichwa kinajua kwamba hakuna hatari. Kwa mtoto aliyetoroka kijiji chake, kumwambia kwamba ni mchezo hakutoshi.

Sauti ya mchezo inakaa wapi

Mchezo wa video si kitu kimoja kizima. Ni dosie kubwa yenye mafaili, yale wengine wanaita mafishie: picha, ramani, amri za programu, na sauti. Muziki kwa kawaida ni faili ndefu inayorudia-rudia. Milio ni mafaili mafupi ya sekunde moja ao chini yake: hatua za mguu, mlango, risasi, breki ya gari. Kijana akibonyeza kifungo cha kupiga bunduki, programu inatafuta faili yenye jina fulani na kuicheza. Haijui ndani kuna nini. Ikiwa chini ya jina lile mtu ameweka pigo la ngoma, bunduki italia ngoma.

Siri hiyo ni ya zamani. Mwaka 1993 kampuni ya Marekani id Software ilitoa mchezo wa Doom. Watengenezaji wake walitenga picha na sauti zote katika faili moja ya pembeni inayoitwa WAD, mbali na programu yenyewe, ili wachezaji waweze kuweka zao bila kuharibu mchezo. Watu waliingia katika kazi hiyo kwa wingi. Kutoka mwaka 2001, watu wa kujitolea wakaanza mradi wa Freedoom: kutengeneza upya picha, muziki na milio, kimoja kimoja, mpaka kupata mchezo unaoweza kugawiwa bure bila kutumia hata sauti moja ya kampuni.

Makampuni yenyewe pia yanabadilisha. GTA IV ilitoka Aprili 2008 na redio zake zikiwa na nyimbo za wanamuziki wa kweli, walioruhusu nyimbo zao kwa muda fulani. Miaka 10 ikapita, ruhusa za nyimbo fulani zikaisha. Aprili 2018 nyimbo kadhaa ziliondolewa, na redio ya Kirusi ya ndani ya mchezo, Vladivostok FM, ikapewa nyimbo zingine. Waliokuwa wamenunua mchezo zamani walishangaa kuufungua na kukuta redio imebadilika. Basi, kubadilisha sauti si uchawi wala uharibifu. Ni kazi ya kawaida ya mafaili.

Kuna michezo iliyo wazi, na kuna iliyofungwa

Mbele ya kuanza, sharti kujua mchezo uko katika kundi gani.

Kundi la kwanza ni michezo iliyo wazi kabisa. SuperTuxKart, mchezo wa mashindano ya magari madogo, ni wa bure na unafanya kazi ku ordinateri na ku telefone za Android. Milio na muziki wake ku ordinateri ni mafaili ya OGG yanayoonekana ndani ya madosie yake. Luanti, iliyoitwa zamani Minetest, ni vilevile. Kwa anayejifunza, hapa njo pa kuanzia.

Kundi la pili ni michezo ya kampuni ambayo imeacha mlango maalum. Mfano ni Minecraft: mchezaji anatengeneza dosie ya pembeni yenye sauti zake, anaifunga kwa ZIP, na mchezo unazisoma badala ya zile za mwanzo. Akiiondoa, sauti za zamani zinarudi. Mfano mwingine ni GTA San Andreas ya ordinateri, ambayo bado inaonekana ku mashine nyingi hata kama ilitoka mwaka 2005. Ndani ya dosie "GTA San Andreas User Files" kuna dosie ndogo "User Tracks". Mtu anatia humo nyimbo zake za MP3, anaingia katika mipangilio ya sauti ya mchezo na kuamuru zitafutwe. Kiisha, akipanda gari, anachagua redio ya "User Track Player", na gari linaimba nyimbo za Butembo pahali pa zile za Los Angeles. Hakuna faili ya mchezo inayoguswa.

Kundi la tatu ni michezo iliyofungwa. Katika GTA San Andreas hiyohiyo, milio ya bunduki haiko wazi kama muziki. Imefungwa pamoja na mamia ya milio mingine ndani ya furushi kubwa, katika dosie ya SFX. Vilevile PES 6 ya mwaka 2006: sauti zimefungwa katika mafurushi ya AFS, na muziki uko katika muundo wa ADX ambao telefone ya kawaida haichezi. Kwa michezo hiyo inahitajika programu ndogo ya kufungua furushi, kutoa sauti, na kulifunga tena. Programu hizo zilitengenezwa na wachezaji wenyewe. Inawezekana, lakini si kazi ya siku ya kwanza.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

Chombo kikubwa ni programu ya kukata na kutengeneza sauti. Audacity ni ya bure, inafanya kazi bila intaneti, na haihitaji ordinateri ya nguvu. Watu wa redio wanaifahamu vizuri.

1. Kuweka akiba. Dosie nzima ya sauti inakopiwa pembeni, ku fulashi ao mahali pengine. Bila akiba, kosa moja linaweza kulazimisha kuweka mchezo upya, na hapo mega nyingi zitapotea.

2. Kufungua sauti ya zamani katika Audacity na kuandika tabia zake: jina, muundo (WAV, OGG ao MP3), urefu kwa sekunde, ni mono ao stereo, na idadi ya vipimo kwa sekunde, kwa mfano 22 050 ao 44 100.

3. Kurekodi sauti mpya. Telefone inatosha. Mahali pazuri ni chumba chenye mapazia, magodoro na nguo, maana ukuta mtupu unarudisha sauti. Mvua ikipiga ku mabati, ni kungoja.

4. Kukata kimya cha mwanzo. Hata nusu ya sekunde ya kimya inaharibu: mchezaji anabonyeza, mlio unachelewa.

5. Kulinganisha nguvu. Sauti mpya isipite ile ya zamani. Ikipasuka katika Audacity, itapasuka zaidi ku bafle.

6. Kuihifadhi kwa jina lilelile, herufi kwa herufi, na muundo uleule. Herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili kwa mashine zingine.

7. Kuirudisha mahali pake, kufungua mchezo na kusikiliza. Ni vizuri kujaribu sauti moja mbele ya kubadilisha 20.

Kuhusu ukubwa, hesabu ni rahisi. Sauti ya WAV ya stereo, yenye vipimo 44 100 kwa sekunde, inakula karibu megabaiti 10 kwa dakika moja. Wimbo huohuo ukiwa MP3 ao OGG wa kawaida unakula karibu megabaiti 1. Njo maana muziki mrefu unahifadhiwa mara nyingi katika OGG ao MP3, na WAV inaachiwa milio mifupi.

Makosa yanayopoteza muda

Kosa la kwanza linatoka ku WhatsApp. Kijana anarekodi sauti ya rafiki mu WhatsApp, anakuta faili ina jina linaloishia na "ogg" ao "opus", anaiweka katika mchezo, na mchezo unanyamaza. Sababu ni kwamba WhatsApp inatumia namna ya kukandamiza sauti inayoitwa Opus, na michezo mingi ya OGG inataka Vorbis. Jina la nje linafanana, ndani ni kitu kingine. Tena, kubadilisha mwisho wa jina la faili hakubadilishi muundo wake. Sharti kuifungua katika programu ya sauti na kuihifadhi upya. Telefone nyingi zinarekodi kwa M4A, na Audacity inahitaji kiongezo kinachoitwa FFmpeg ili iweze kuifungua.

Kosa la pili ni urefu. Bunduki ya mchezo inapiga mara nyingi kwa sekunde moja. Mtu akiweka mlio wa sekunde tatu, milio inapandana na inakuwa makelele matupu. Mlio wa kurudia unapaswa kuwa mfupi na kuanza kwa nguvu.

Kosa la tatu ni stereo. Katika michezo mingi, mlio wa kitu kilicho mbali ao upande wa kushoto unahesabiwa kutoka sauti ya mono. Ukiweka stereo, Minecraft kwa mfano haitaonyesha tena upande mlio unatoka. Mchezaji anasikia adui kila mahali na hamuoni popote.

Ku telefone, tahadhari

Vijana wengi leo wanachezea ku telefone, na huko mambo ni tofauti. Faili ya mchezo wa Android, APK, ina sahihi ya mtengenezaji. Mtu akigusa sauti zilizo ndani, sahihi inavunjika na telefone inakataa kuuweka mpaka utiwe sahihi ingine. Wale wanaogawa michezo "iliyobadilishwa" wamefanya hivyo, lakini mpokeaji hawezi kujua kama walibadilisha sauti tu ao walitia pia programu ya kuiba namba za siri. Telefone yenye pesa ya M-Pesa ao Airtel Money si mahali pa kufanyia majaribio hayo.

Michezo inayochezwa na wengine kwa njia ya intaneti, kama Free Fire ao Call of Duty Mobile, ni ya kuacha kabisa. Kubadilisha mafaili yake kunahesabiwa kama wizi wa mchezo, na akaunti inaweza kufungwa. Kwa hiyo michezo, dawa ni ekuteri, ao kushusha sauti ya milio katika mipangilio.

Kuweka nini pahali pa masasi?

Mtu hahitaji studio kubwa. Kijiti kikavu kikivunjika karibu na telefone kinatoa mlio mkali na mfupi. Kupiga makofi mara moja, kufunga kifuniko cha sufuria, kugonga ubao: kila kimoja kinaweza kuchukua nafasi ya bunduki, na mchezaji bado anajua kwamba amepiga. Kwa magari, honi ya moto ya taxi ao tshukudu ikishuka mlima wa mawe inafaa kuliko gari la Amerika.

Kwa muziki, akiba iko karibu. Wanande, na ndugu zao Wakonzo ngambo ya Ruwenzori mu Uganda, wana endara, marimba makubwa ya mbao yanayopigwa na watu wengi pamoja. Mwaka 1952 Hugh Tracey alipita kando ya msitu wa Ituri na mashine yake, akarekodi muziki wa Wanande, Wambuti, Wabira na wengine. Kanda zake zimehifadhiwa Afrika Kusini. Wazee wanaojua midundo hiyo wangali wako mu vijiji, na leo telefone ya kijana mmoja inaweza kurekodi, kwa ruhusa yao, kile ambacho zamani kilihitaji gari zima la vyombo.

Anayefikiri kwamba lugha na sauti za huku hazifai katika michezo ya dunia akumbuke "Baba Yetu". Christopher Tin, mwanamuziki wa Marekani, aliutunga kwa ajili ya Civilization IV, mchezo wa mwaka 2005, akitumia maneno ya sala ya Baba Yetu kwa Kiswahili. Februari 2011 ulipata zawadi ya Grammy, na ulikuwa wa kwanza kati ya muziki wa michezo ya video kuipata.

Kuna aliyeenda mbali zaidi ya sauti. Lual Mayen, kijana wa Sudan Kusini, alikulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka pesa miaka mitatu mpaka kufikisha dola 300 za kumnunulia ordinateri. Mchezo wa kwanza alioujua ulikuwa GTA Vice City. Yeye aliyezaliwa na vita alijiuliza kwa nini asitengeneze mchezo unaofundisha amani, akajifunza mwenyewe, akatengeneza "Salaam", ambamo mchezaji si mpigaji bali ni mkimbizi anayetafuta maji na usalama.

Haki ya mwenye wimbo

Kutia wimbo wa msanii katika mchezo nyumbani kwako si sawa na kugawa ao kuuza mchezo huo. Kongo ina sheria ya haki za watunzi, ya tarehe 5 Aprili 1986, na shirika la kusimamia haki hizo, SOCODA, lililoundwa mwaka 2011. Anayetaka kugawa mchezo wenye wimbo wa msanii wa Beni ao Butembo amuombe ruhusa kwanza, tena kwa maandishi. Kwa milio, kuna hazina ya intaneti inayoitwa Freesound, ambamo watu wameweka sauti zao kwa masharti yanayoeleweka: zingine ni huru kabisa, zingine zinaomba tu jina la mwenyewe litajwe. Masharti yanaandikwa karibu na kila sauti.

Kwa wenye nyumba za michezo

Si kila mwenye "salle" atakuwa na muda wa kufungua mafurushi ya sauti. Lakini michezo mingi, ikiwemo GTA San Andreas, ina vipimo viwili mbalimbali katika mipangilio: kimoja cha muziki ao redio, kingine cha milio. Kushusha kile cha milio kunachukua sekunde chache na hakuhitaji fundi. Bafle ikigeuzwa kuangalia ndani, jirani anapata nafuu leo leo. Saa ya usiku ikifika, mchezo wa vita uchezwe na ekuteri, ao vijana waingie uwanjani ku PES.

Hiyo ni kwa leo. Kwa kesho, kijana mwenye ordinateri, telefone na uvumilivu anaweza kuondoa risasi moja, kuweka pigo moja la ngoma, na kusikiliza. Ikikubali moja, zingine zitafuata njia ileile.